YZ125 au YZ250F kwa Mwanza? Chukua 125, hela inayobaki iende kwenye shokapu

Mkuu mleta uzi, umeuliza uchague ipi kati ya YZ125 iliyotumika inayotoka Nairobi na YZ250F ya umri huohuo, zote pikipiki za motokrosi za Yamaha. Una kilo 75, utaendesha huku Mwanza, na fundi uliye naye ni wa bodaboda. Kwa hali hiyo chukua 125.

Sababu si nguvu. Injini ya 125 ni ya mipigo miwili, haina valvu za kwenye hedi wala cheni ya taimingi. Fundi makini wa bodaboda akipewa pistoni, ringi, gasketi na kitabu cha vipimo, anaimaliza kwa mchana mmoja. 250F ni ya mipigo minne na ina valvu za titani, na vumbi likipenya filta linakula valvu na siti zake. Valvu za kuingizia hewa zinazama, nafasi ya tapeti inabana, kompresheni inavuja. Dalili yake ni pikipiki kuwaka vizuri ikiwa baridi, kisha kugoma kabisa ikizimika ikiwa ya moto. Ukiambiwa "hiyo ni plagi tu", usiamini.

Kabla hujatoa hela, chomoa filta, pitisha kidole ndani ya mpira unaoingia kwenye kabureta. Kidole kikitoka na vumbi, acha, hata kama plastiki zinang'aa. Halafu inua pikipiki kwenye stendi, shika tairi la nyuma ulivute juu na chini. Ukisikia "tak" kabla shokapu haijaanza kufanya kazi, beringi za linki (viungo vinavyoshikilia shokapu chini) zimekwisha. Washa injini ikiwa baridi, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi: mapovu yasiyokoma ni gasketi ya hedi.

Sasa jeti, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli. Nairobi ipo kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Mwanza ni kama 1,140. Hewa ya huku ni nzito zaidi, kwa hiyo pikipiki iliyosetiwa kule ikifika hapa inapata hewa nyingi kuliko petroli. Haitagoma. Itakwenda vizuri sana, kali kuliko kawaida, mpaka siku pistoni itakapotoboka. Panda jeti kubwa namba moja au mbili kwanza, kisha soma plagi: vuta resi hadi mwisho kwenye gia ya tatu, bana klachi, zima injini hapohapo, fungua plagi. Rangi ya kahawa ni sawa, nyeusi yenye unyevu punguza jeti, nyeupe usiendelee hata mita mia. Ukipata ya kutoka Dar hesabu inageuka, itakuwa imejaa petroli na utashuka jeti. Oili changanya 40 kwa 1, yaani mililita 25 kila lita, au 125 kwenye kidumu cha lita 5. Pima kwa bomba la sindano. Kifuniko cha chupa si kipimo.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wananunua ekzosi kabla hawajagusa shokapu. Njia za huku zinabadilika ndani ya dakika kumi, unatoka kwenye mawe ya vilima, unaingia mchanga wa ufukweni upande wa Igombe, na ukienda Magu au Misungwi wakati wa mvua unakutana na udongo mweusi wa mbuga. Shokapu isiyopimwa itakuangusha kwenye yote matatu.

Tafuta mwenzako na futi kamba. Pikipiki ikiwa juu ya stendi, tairi linaning'inia, pima kutoka ekseli ya nyuma kwenda juu hadi alama kwenye madigadi. Tuseme 610 mm. Ishushe chini, ipande ukiwa na buti na helmeti, miguu kwenye pedali, pima tena. Unataka 505 hadi 510, yaani imezama 100 hadi 105. Kama sivyo, kaza au legeza ringi ya springi. Ukishapata hapo, shuka, pima ikiwa imesimama peke yake: inatakiwa iwe imezama 30 hadi 40.

Kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachosema ukweli kuhusu springi, na kinawachanganya watu. Ukiwa umekaa ni 105 lakini ikiwa peke yake imezama 15 tu, springi ni laini mno kwako. Umeikaza sana hadi inasukuma pikipiki juu. Ikizama 50 peke yake, springi ni ngumu mno. Kukaza zaidi hakutibu springi laini. Nunua ya namba inayofuata.

Klika (skrubu za kurekebisha shokapu) za mbele na nyuma: funga zote taratibu huku ukihesabu, andika namba ya asili, kisha badilisha mbili mbili, mbele au nyuma, si zote kwa pamoja. Nyuma ikizidi kuzama kwenye matuta yanayofuatana, inarudi polepole mno; fungua klika za kurudi.

Mchanga utaitesa 125, sikufichi. Ongeza meno mawili sproketi ya nyuma. Usikimbilie ya mbele, jino moja la mbele ni sawa na kama manne ya nyuma.

Upepo: psi 12 mchangani, 14 kwenye mawe, tyubu nene za mm 4 na kibano cha kushikia tairi kwenye ringi. Bila kibano, tairi linazunguka na kukata pua ya tyubu. Spoki zikague baada ya mwendo wa kwanza, usikaze zaidi ya robo mzunguko kwa mara moja.

Filta ya sponji osha kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni. Petroli inayeyusha gundi ya maungio. Kamua kwa kubana, usisokote, kausha kivulini, paka oili yake mpaka rangi ienee, na grisi kwenye ukingo. Kiangazi beba tatu zilizokwisha kuandaliwa.

Udongo wa mbuga ukijaa chini unaongeza kilo nyingi. Kata vipande vya godoro kuukuu, jaza mapengo juu ya bamba la kukinga injini na nyuma ya pedali. Godoro halibebi tope, ila likilowa maji likamue. Cheni iache na ulegevu wa kitabu, tope likiingia inakaza yenyewe. Na ukipeleka kuoshwa, mwambie kijana asielekeze bomba la presha kwenye habu, linki wala rejeta.

Ukishapima kuzama, leta namba zako hapa pamoja na ile iliyoandikwa kwenye springi.