Walimu wa BTP, 2047 inagawanyika

Juzi nimepita kwenye dirisha la kidato cha kwanza nikamwona mwalimu wetu wa BTP, yaani mwanachuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, kijana mzuri, sauti ya muadhini, kaandika 91 kwenye safu ya namba tasa. Saba mara kumi na tatu, mwanangu! Chai ikanishuka vibaya.

1. Moja si namba tasa. Namba tasa ina vigawo viwili, moja ina kimoja. Msibishane na watoto.

2. Ukipima kama namba ni tasa, igawe kwa namba tasa hadi kufikia kipeuo chake cha pili; isipogawanyika, ni tasa, basi. Kwa 2047 unaishia 43.

3. Hili la pili nililijua, na halikunisaidia. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, Newala kwenye korosho, nilijiona sana. Nilifundisha kwa korosho: namba tasa ni idadi usiyoweza kuifunga kwenye vipakiti vinavyolingana, ila mojamoja au zote kwa pamoja. Wakaelewa. Kwa kunogewa nikawapa siri ya wakubwa: chukua 2, ipe kipeo ambacho ni namba tasa, toa 1, utapata namba tasa. Kipeo 2 kikatoa 3, kipeo 3 kikatoa 7, kipeo 5 kikatoa 31, kipeo 7 kikatoa 127. Nikapiga mbwembwe: kipeo 11 ni 2047, andikeni. Wakaandika. Mimi sikuwa nimeigawa kwa chochote.

Kesho yake mtoto mmoja mkimya, mama yake mbanguaji, akanyoosha mkono. "Mwalimu, zile 2047 zinaingia vipakiti 89, kila kimoja korosho 23. Haibaki hata moja." Hakuwa na kejeli, na hapo ndipo palipouma. Nikageukia ubao, nikazidisha 23 kwa 89 polepole, nikiomba isitoke. Ikatoka. Badala ya kukiri, nikasema nilikuwa nawapima tu. Darasa zima likaguna. Watoto waliokulia kwenye kangomba, ule ununuzi wa korosho wa magendo, huwadanganyi kwa kipimo.

4. Nilijifariji baadaye kwamba hata Mersenne, mtawa wa Kifaransa, mwaka 1644 alikiweka kipeo 67 kwenye orodha yake ya vipeo vinavyotoa namba tasa. Mwaka 1903 Cole, mwanahisabati wa Marekani, akasimama ubaoni New York, akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, ikatoka ile ile ya kipeo 67, kumbe si tasa. Lakini kipeo 31 ni salama: Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alithibitisha mwaka 1772 kwamba 2,147,483,647 ni tasa, bila kikokotoo. Na ile namba tasa ya kipeo 136,279,841, iliyotangazwa Oktoba 2024, ina tarakimu 41,024,320. Hiyo msiiandike ubaoni, chaki zenyewe tunagawana.

5. Kikokotoo cha tarakimu kumi kinaishia kwenye ile ya Euler. Kwenye kipeo 67 namba haienei kwenye kioo, hivyo ukitoa 1 au usitoe, kinaonyesha kitu kile kile.

Yule mtoto siku hizi ni karani wa mizani kwenye AMCOS, chama chetu cha ushirika wa mazao. Msimu ukifika napeleka magunia yangu, ananiamkia kwa adabu zote, "Shikamoo, Mwalimu Ishirini na Tatu," halafu ananipimia.