Kazi umepata, nauli je?

Ukipata kazi Dar, watu wote watakuuliza mshahara shilingi ngapi. Hakuna atakayekuuliza utafikaje huko kazini mpaka huo mshahara utoke. Mimi hakuna aliyeniuliza, na mwenyewe sikujiuliza vizuri. Ninaandika kwa ajili ya wewe unayeripoti Jumatatu ijayo, una barua ya ajira kwenye bahasha ya kaki, na mfukoni una pesa ya kuungaunga.

Niliripoti Jumatatu, tarehe 14 Agosti 2017. Ofisi ilikuwa Mikocheni, nami nilikuwa naishi kwa shangazi yangu Mbezi, ile ya Kimara, siyo Mbezi Beach. Asubuhi napanda daladala hadi Kimara Mwisho, 400. Pale naingia basi la mwendokasi hadi kituo cha Morocco, 650. Morocco nachukua gari la Kawe linalopita barabara ya Mwai Kibaki, 400 nyingine. Kwenda 1,450, kurudi vilevile, jumla 2,900 kwa siku. Nikazidisha kwa siku 22 za kazi, nikapata 63,800. Shangazi alikuwa ndiyo kwanza amepokea mchezo wake wa kuchangiana na wenzake wa mtaani, akanihesabia elfu sabini. "Hii ni ya nauli, siyo ya viatu," akasema. Nikajiona tajiri, nina na chenji ya kubaki.

Hesabu ya kuzidisha ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye hiyo 22.

Siku ya tatu, dada wa ofisi ya utumishi ananijazisha fomu, nikamuuliza kwa kujifanya sina haraka: mshahara huwa unatoka tarehe ngapi? Akaniambia ishirini na nane. Nikashukuru. Akaendelea kugonga mihuri yake, halafu bila hata kuinua kichwa akasema, "Ila wewe umeingia malipo ya mwezi wa nane yameshafungwa. Tutakuunganishia mwezi wa tisa."

Yaani kutoka tarehe 14 Agosti hadi 28 Septemba. Niliporudi kwenye meza yangu nikachukua kalenda nikahesabu kwa kidole: siku 33 za kazi. Mara 2,900 ni 95,700. Nina sabini.

Kwa hiyo swali la kwanza kabisa, na uliulize siku unasaini mkataba, siyo siku ya tatu: nikianza tarehe hii, mshahara wangu wa kwanza utaingia tarehe ngapi? Usiulize "mshahara unatoka lini", maana utajibiwa tarehe ya wote. Uliza wako wewe. Ofisi nyingi hufunga hesabu za mwezi mapema, na ukiingia baada ya hapo unasukumwa mbele. Haina maana wanakuonea, na pesa yako ya zile siku haipotei, ila haikupi nauli ya kesho. Kama wanakuruhusu kuchagua tarehe ya kuanza, jibu la swali hilo linaweza kukufanya uombe kuanza tarehe moja ya mwezi unaofuata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi, ukiwemo ujira na jinsi unavyokokotolewa, kwa hiyo kuuliza siyo utovu wa adabu. Uliza tu kwa sauti ya kawaida.

Halafu kuna pesa ambazo hukuziweka kwenye hesabu. Mimi wiki ya kwanza peke yake ilikula 18,000: picha za pasipoti, kutoa kopi vyeti, kwenda kwa wakili avigongee muhuri, kufungua akaunti ya benki waliyotaka wao, kurudi tena benki kwa sababu jina la kati lilikosewa herufi. Wiki ya pili daftari la rambirambi likapita, kuna mwenzetu amefiwa na mama yake. Mimi ni mgeni, simjui marehemu, simjui hata mfiwa, lakini daftari limefika mbele yangu na juu yangu wote wameandika elfu kumi kumi. Nikaandika tano. Siijutii hiyo tano, ila nakwambia iweke kwenye hesabu, kwa sababu daftari litapita. Na kuna siku nilichelewa kuamka, nikafika Morocco jasho linanitoka, nikapanda bodaboda hadi getini, elfu mbili zaidi ya nauli ya kila siku.

Toa hizo zote kwenye sabini, inabaki arobaini na tano. Igawe kwa 2,900. Mimi nilikuwa sijaigawa, niliendelea tu kuchomoa noti kwenye pochi kila asubuhi mpaka Jumanne ya tarehe 5 Septemba, nimeshuka kwenye gari la Kawe, nimempa konda mia nne yake, nimebaki na sarafu moja ya hamsini. Ile yenye kifaru. Nimeikumbuka mpaka picha yake kwa sababu niliishika mkononi siku nzima.

Saa kumi na moja jioni watu wakaanza kuondoka. Mimi nikabaki kwenye kompyuta nikijifanya namalizia kitu. Saa kumi na mbili nikabaki peke yangu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kutembea hadi Mbezi na nikajua nitafika saa tano usiku, kama nitafika. Saa moja kasoro mlinzi akaja kufunga madirisha. Mtu mzima, wa Kilwa. Akanitazama, akatazama kompyuta iliyokuwa haina kitu, akauliza, "Mdogo wangu, nauli?"

Sikujibu. Akatoa elfu mbili kwenye mfuko wa shati la sare. Halafu akafanya kitu ambacho kimenisaidia kuliko ile elfu mbili: akaniuliza napita wapi na nalipa ngapi kila kituo. Nikamtajia. Akacheka. "Jioni unapanda gari hadi Morocco kufanya nini? Jioni nani anakusubiri? Tembea." Kisha: "Na pale dirishani Morocco unasema unakwenda wapi?" Nikamwambia Kimara. "Si unakwenda Mbezi? Sema Mbezi."

Nilikuwa nimekata tiketi ya Kimara ya 650 kila jioni kwa wiki tatu, nikifika Kimara natoa 400 nyingine ya kwenda Mbezi. Kumbe kulikuwa na tiketi moja ya 800, ya njia kuu pamoja na lile basi la kuunganisha hadi Mbezi. Bei iliandikwa pale pale dirishani. Wiki tatu nimesimama mbele ya lile bango nikitazama simu.

Nikatembea hadi Morocco, dakika thelathini na tano, nikakata ya 800. Nikabaki na 1,200 na ile hamsini. Asubuhi yake nauli nzima ya 1,450 haikutosha, basi nikaondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri na kutoka Morocco nikatembea. Nilifika shati limelowa mgongoni, nikakaa na koti la suti ndani ya kiyoyozi mpaka likakauka.

Nauli hizo ni za wakati ule. LATRA, mamlaka inayopanga nauli, imeshazipandisha, 2022 na tena mwisho wa 2023, ile mia nne ya safari fupi ya daladala ikawa mia tano kisha mia sita. Tarakimu zangu usizichukue. Kuna jambo moja tu hapa la kuchukua: kabla ya siku ya kwanza, ifanye hiyo safari mara moja kamili, saa ile ile utakayokwenda kazini, na uulize kila mahali unapolipa kama kuna njia ya kulipa mara moja. Siku ya mapumziko haitakuonyesha kitu. Nenda siku ya kazi alfajiri, ukae kwenye foleni, uone gari la kwanza likijaa na la pili likipita bila kusimama.

Na utembee jioni, siyo asubuhi, kama kuna kipande cha kutembea. Watu wengi hufanya kinyume, kwa sababu asubuhi ndiyo wana nguvu. Lakini asubuhi ukichelewa unaharibu jina wiki ya kwanza, na ukifika umelowa unakaa na harufu yako siku nzima. Jioni huna wa kumwomba radhi. Dada zangu nawaambia tofauti kidogo: kipande cha gizani msikitembee kwa ajili ya kuokoa mia sita. Okoeni kwingine.

Kuhusu kugeuza. Wa Mbagala na Gongo la Mboto wananielewa. Gari linapokuja kituoni kwenu limeshajaa, unapanda linaloelekea mwisho wa njia, unakaa siti, unageuka nalo. Unalipa mara mbili. Kwa mwenye mshahara ni raha yake, wala simlaumu, kusimama saa moja na nusu umebanwa mlangoni siyo mchezo. Kwa wewe ambaye hujalipwa, hiyo ni nauli ya siku nzima nyingine kila baada ya siku mbili. Amka mapema, usimame.

Chakula nakipita haraka: beba. Shangazi alinifungia wali maharage kwenye hotipoti, nikala pale pale na mlinzi, na baada ya wiki mbili nusu ya ofisi ikaanza kuleta hotipoti zao.

Sasa kukopa. Utakopa, tusidanganyane. Swali ni nani na lini. Asubuhi ile ya tarehe 6 nilikwenda kwa yule dada wa utumishi kabla hata hajaweka mkoba chini. Nilikuwa nimeshaandika kwenye karatasi: siku 17 zimebaki, kwa njia mpya ni 2,250 kwa siku (asubuhi ile ile 1,450, jioni 800), jumla 38,250, na nadaiwa elfu mbili. Nikamwomba advansi ya 45,000 ikatwe mshahara wa kwanza. Nilijiandaa kwa maswali mengi. Akatazama karatasi, akasema, "Ungekuja wiki ya kwanza, hili ni jambo la kawaida," akanipa fomu ya nusu ukurasa. Pesa nikapewa kesho yake. Siyo kila ofisi itakubali, ila ombi lenye hesabu ya siku na kiasi kidogo ni gumu kulikataa kuliko "naomba kitu kidogo". Na omba ukiwa bado una nauli ya siku tano. Ukiomba ukiwa na hamsini mfukoni hata sauti yako inabadilika, na utakubali chochote utakachopewa.

Kile utakachokubali ndicho kinachonitisha. Kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, wapo kila mtaa, wanataka rejesho la kila siku au kila wiki, na wewe pesa yako inakuja kwa mwezi. Utarejesha na nini? Na nauli, ndiyo hiyo hiyo uliyokopa. Mikopo ya kwenye simu ndiyo mibaya zaidi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Ukichelewa kidogo baadhi ya hawa wakopeshaji wanapiga simu kwa watu walio kwenye simu yako. Na wiki iliyopita umehifadhi namba ya nani? Ya bosi wako mpya.

Ukikopa popote, kopa kwa kupima mshahara utakaoingia mkononi, siyo ulioandikwa kwenye barua. Barua yangu ilikuwa na tarakimu nzuri. Kwenye hati ya malipo nikakutana na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, imechukua asilimia kumi, TRA wamechukua kodi yao, Bodi ya Mikopo imechukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa kuwa nilisoma kwa mkopo, kisha advansi yangu. Aliyesoma kwa mkopo asisahau hiyo 15. Wengi tunaisahau mpaka tunaiona.

Na pesa ya nauli itoe kwenye pochi. Mimi baada ya advansi niliigawa kwenye bahasha za wiki, nikaandika tarehe juu, shangazi akakaa nazo. Kila Jumapili usiku namwomba moja. Siku hizi kama njia yako inatumia kadi, jaza ya wiki nzima kwa mpigo, iwe imeshatoka mkononi. Pesa iliyo kwenye simu ninaihesabu kuwa imeshatumika, kwa sababu daftari likipita utaitoa tu.

Tarehe 28 mshahara uliingia saa tisa mchana. Nilitoka hadi kwa wakala wa pembeni, nikatoa nauli ya Oktoba yote kabla ya kununua hata soda. Jioni getini nikampa mlinzi elfu mbili yake, ambayo nilikuwa nimeshamrudishia tangu tarehe 7. Akaihesabu, akaikunja, akaniambia nimemlipa mara mbili. Nikamwambia najua. Akaiweka mfukoni, akaniuliza kama leo napanda gari au natembea.