Alama 70 na ruhusa ya kucheza: majibu kwa wazazi wa Texas

Maswali mengi yanayotoka kwa familia za Waswahili jimboni Texas yanafanana: mtoto yumo kwenye timu ya shule, kisha ghafla anaambiwa hachezi. Sheria inayomzuia ilipitishwa na jimbo mwaka 1984, na UIL, chombo kinachosimamia mashindano ya shule za umma, ndicho kinachoisimamia viwanjani. Majimbo mengine yana kanuni zao. California, kwa mfano, hutazama wastani wa 2.0, si kila somo peke yake.

Mwanangu amepata 68 ya aljebra, masomo mengine yote yako juu ya 80. Kwa nini azuiwe, na kwa muda gani? – Mama, Fort Worth

Kwa sababu Texas haichukui wastani, mama. Somo moja chini ya 70 linatosha kumsimamisha, hata kama mengine yote ni 95.

Hesabu ya siku ndiyo inayowachanganya wengi. Tuseme kipindi cha alama, yaani muda ambao ukiisha shule hutoa alama, kimeisha Ijumaa, tarehe 10 Oktoba. Hazuiwi siku hiyo hiyo. Ana siku 7 za kalenda, kwa hiyo anaruhusiwa kucheza hadi masomo yatakapoisha Ijumaa ya tarehe 17. Mechi ya jioni hiyo haimhusu tena. Wiki 3 za shule baada ya kipindi kuisha, yaani tarehe 31, walimu wanakagua alama zake upya. Akiwa amefaulu, anasubiri tena siku 7 na kurudi uwanjani tarehe 7 Novemba. Likizo ikiingia katikati, hesabu inasogea, kwa sababu wiki zinazohesabiwa ni za shule.

Angalieni hapa, maana wengi huanguka: kwenye ukaguzi huo anatakiwa awe amefaulu masomo yote. Mtoto hukazana na aljebra peke yake, historia ikashuka hadi 66, na akabaki nje.

Mazoezi hayakatazwi. Msimruhusu akae nyumbani saa za mazoezi. Kijana aliyeondolewa kabisa kwenye kikundi mara nyingi hupoteza na hamu ya darasa.

Mwanangu amezuiwa, lakini mwenzake kwenye timu amefeli fizikia na anacheza. Huo si upendeleo? – Baba, Houston

Kisheria si upendeleo, baba. Madarasa ya ngazi ya juu yaliyotajwa na sheria, kama yale ya AP (masomo ya sekondari ya kiwango cha chuo), ya IB (mtaala wa kimataifa) na yanayotoa krediti za chuo, yaani vipimo vya kuhesabia masomo uliyofaulu, hayamsimamishi mwanafunzi hata akipata chini ya 70. Nia ni kwamba mtoto asikimbie somo gumu kwa kuogopa kukosa mechi.

Lakini malalamiko yako yana msingi. Watoto waliofika Marekani juzi, wanaosoma sayansi huku bado wanajifunza Kiingereza, mara nyingi hupangwa madarasa ya kawaida, ambako 69 inawaweka benchi. Mzigo wao wa lugha ni mzito kuliko ugumu wa darasa lolote la AP, na msamaha huo hauwagusi. Tunaona sheria ingepaswa kulitazama hilo.

Unachoweza kufanya sasa ni kuomba kikao na mshauri wa masomo wa shule na kuuliza ni msaada gani wa lugha anaopewa ndani ya kila somo, siyo kwenye kipindi cha ESL tu, yaani darasa la Kiingereza kwa wanaojifunza lugha hiyo. Na kama mtoto ana ulemavu unaoathiri masomo na yumo kwenye elimu maalumu, kipimo chake ni mpango wake binafsi wa elimu. Kamati inayouandaa, ambayo mzazi ni mjumbe wake, ndiyo inayoamua.

Mwalimu anaweza kumpa kazi ya ziada afikishe 70? – Mama, Dallas

Kabla kipindi hakijaisha, ndiyo. Kikishaisha, kazi ya ziada au mtihani wa kurudia havirudishi ruhusa ya kucheza. Isipokuwa alama iliyoandikwa kuwa haijakamilika: hiyo ikikamilishwa na kufaulu, inahesabiwa. Alama iliyotolewa hubadilishwa tu ikiwa imekosewa, imetolewa kiholela au imekiuka utaratibu wa wilaya ya shule. Kwa hiyo fungueni alama kwenye mtandao wa shule wiki 2 kabla ya mwisho wa kipindi. Tafuteni sifuri za kazi ambazo hazikuwasilishwa. Mara nyingi ndizo zinazoangusha, si mtihani.

Hati zetu za ukimbizi zinasema kijana alizaliwa tarehe 1 Januari, lakini si kweli. Shule inasema umri umempita. – Mzazi, Abilene

Wakimbizi wengi waliofika bila cheti cha kuzaliwa wameandikiwa tarehe hiyo, na kwenye michezo inawagharimu. UIL inataka mchezaji awe hajafikisha miaka 19 ifikapo tarehe 1 Septemba. Aliyezaliwa Oktoba 2006 angeruhusiwa msimu wa 2025-26. Akiandikwa 1 Januari 2006, ametimiza 19 tangu Januari na yuko nje.

Msimpe kocha tarehe nyingine tofauti na ya hati. Ikigundulika, timu nzima hupokonywa ushindi. Marekebisho yaanzie kwenye hati za uhamiaji, kwa ushahidi kama cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo, na yachukueni kuwa safari ndefu: anzeni akiwa darasa la 8 au la 9. Wakati huohuo ulizeni kuhusu klabu za nje ya shule, ambazo hazifungwi na UIL.

Mpwa wangu ametoka kwa wazazi wake jimbo jingine, anaishi kwangu. Atacheza timu ya kwanza? – Mjomba, Houston

Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, lakini UIL inatazama makazi ya wazazi. Ulezi uliotolewa na mahakama huhesabiwa kijana akishakaa nawe mwaka mzima mfululizo. Bila hati ya mahakama, ni miaka 3 ya kumlea na kumtunza.

Muda huo haujatimia? Shule inaweza kumwombea msamaha kwa UIL. Eleza kwa maandishi kwa nini alihama. Kama aliwahi kuchezea shule yake ya zamani, itajazwa fomu ya ushiriki wa awali, na shule alikotoka huulizwa kama amehama kwa sababu ya michezo. Kamati ya wilaya ya UIL ikiona ndivyo, anakosa timu ya kwanza kwa angalau mwaka mmoja. Timu za chini anaweza kuchezea.

Krediti ngapi zinahitajika mwaka unapoanza? – Mwanafunzi, Austin

Mwaka wa pili wa sekondari, 5. Wa tatu, 10. Wa nne, 15. Ukipungukiwa mwaka wa tatu au wa nne, krediti 5 ulizopata ndani ya miezi 12 iliyopita zinakuokoa, na masomo ya kiangazi yanahesabiwa. Kama ulisoma Kenya, Tanzania au Kongo, peleka matokeo yako ofisini ukiwa unajiandikisha, ili yatathminiwe na kuingizwa kwenye rekodi kabla msimu haujafika.