Dogo akikuambia amechoka na maisha, muulize kavukavu

Kijiweni kwetu madogo wengi wanaendesha boda za mkataba, na wazee wakiona kijana kabadilika wanasema ni bangi tu hiyo. Bangi ipo, ila ninachokiona mimi kinawamaliza ni mikeka ya kubeti na mikopo ya simu. Mtu kakosa hesabu ya bosi jioni, anakopa kwenye apu, anabeti ili airudishe, mkeka unachanwa na timu moja tu, anakopa apu nyingine alipe ile ya kwanza na wakati wote huo hajamwambia mtu. Halafu wenye apu wanaanza kutuma meseji kwa namba zote zilizoko kwenye simu yake, mama mkwe, mchungaji, mpaka fundi viatu, kwamba fulani ni tapeli. Benki Kuu ya Tanzania Novemba 2024 ilipiga marufuku apu 69 za kukopesha bila leseni, sawa, lakini aliyeshaaibishwa kashaaibishwa.

Mdogo wangu alipita humohumo. Alikuwa hali, mchana kutwa amelala, usiku anaendesha bila helmeti kama anagombana na barabara, na gongo juu. Nikidhani ni ujana. Kilichonishtua ni njumu, kampa mtoto wa jirani njumu zake ambazo hata mimi alikuwa haniazimi, eti "hazina kazi tena".

Nikamvuta pembeni nikamuuliza, dogo, unawaza kujiua? Watu wanaogopa hilo swali wanasema utampa wazo, hamna, hata Shirika la Afya Duniani wanasema kuuliza hakumpi mtu wazo, kunampa upenyo. Akakaa kimya weee, mwisho akasema "braza, nawaza". Sasa hapo usianze mahubiri wala habari za wenzako wanalala njaa, kaa nae tu msikilize. Usiku ule hakulala peke yake, kesho yake tukaenda hospitali ya mkoa, kitengo cha afya ya akili. Wakasema ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Mama alilia anadhani mwanae kawa chizi, ikabidi tumweleweshe, na ujue kabisa dawa zake zinachukua wiki kadhaa kukaa sawa kwahiyo asiache siku ya nne akisema hazifanyi kazi.

Na madeni msiyaruke jamani! Tuliyaandika yote kwenye daftari hadi la mama ntilie, bosi tukamfuata wenyewe akakubali kulipwa kidogokidogo. Deni likiwa kichwani halina mwisho, likiandikwa unaliona lilipoishia.

Kama wako hajafika 18 kuna namba 116 ya kusaidia watoto, unapiga bure.

Kubeti bado anabeti mara mojamoja, nikijua tunagombana kweli. Ila siku hizi akiliwa ananitajia mwenyewe kaliwa shingapi.