Alama za fonetiki zinatoka vijisanduku kwenye karatasi

Pole, ndugu yangu. Umesema alama za matamshi kama ŋ na ɲ zinaonekana vizuri kwenye kompyuta yako, lakini tasnifu ikichapwa steshenari zinatoka vijisanduku. Printa haina kosa. Kompyuta ya pale haina fonti uliyotumia. Pakua fonti ya Charis SIL au Doulos SIL, ni za bure na zina alama zote za IPA, yaani alfabeti ya kimataifa ya fonetiki, kisha uzitumie kwenye alama hizo. Ukimaliza, hifadhi kazi kama PDF ili fonti ziingie ndani ya faili, ndipo uipeleke. Faili la Word libaki nyumbani.

Ila mfano uliobandika una mambo mengine, na msimamizi wako atayaona kabla ya vijisanduku. Mkazo umeuonyesha kwa ritifaa ya kawaida ('). Alama yake ni ˈ nayo hukaa kabla ya silabi yenye mkazo. Halafu "ngoma" na "ng'ombe" umezianza zote kwa ŋ tupu. Hiyo ni sawa kwa ng'ombe, [ˈŋombe], lakini ngoma ina g inayosikika: [ˈŋgoma].

Kuhusu mabano: fonimu, yaani sauti inayotofautisha maneno, huwekwa kati ya mishazari, matamshi halisi kwenye mabano ya mraba. "Baba" ni /baba/, lakini wasemaji wengi huvuta b hiyo ndani, kwa hiyo unaandika [ˈɓaɓa]. Kwenye "mbuzi" haivutwi, maana imetanguliwa na nazali (sauti ya puani, hapa m), basi hapo b ya kawaida inatosha. Mimi ningeiweka tofauti hiyo kwenye jedwali la alofoni (matamshi tofauti ya fonimu moja), maana watahini huipenda.