Alifaulu la saba, Kidato cha Kwanza anashika mkia: jibu langu

Mkuu, pole. Umesema kijana wako alitoka la saba na A, sasa ripoti ya muhula imekuja na F tano, na unajiuliza umhamishe shule au umtafutie tuisheni. Kabla hujatoa hela, ngoja nikusimulie yangu.

Mimi ni fundi cherehani, elimu yangu la saba. Binti yangu aliingia Kidato cha Kwanza shule ya kata mwaka 2019. Juni akaniletea ripoti: wa 97 kati ya 112. Huyu huyu aliyekuwa akiwafundisha wenzake Sayansi pale mtaani! Nilifoka, sifichi. Nikamnyima simu, nikampeleka tuisheni ya jioni, buku kwa siku. Akawa anarudi daftari limejaa, kichwani hamna kitu.

Siku moja nikiwa napiga pindo la gauni nikamwambia aniletee karatasi yake ya Baiolojia, ile aliyojibia yeye mwenyewe. Swali la "photosynthesis" ameliacha wazi. Nikamuuliza, mmea unajitengenezeaje chakula? Akanimwagia usanisinuru yote: mwanga, maji, hewa ya kaboni dioksidi, mpaka oksijeni inayotoka. Nikazima cherehani. Mtoto anajua, ila hakujua kwamba ndicho alichoulizwa. Tukaendelea kukagua, kumbe hata "mention" na "explain" alikuwa hazitofautishi. Anaambiwa aeleze, yeye anataja.

Miaka saba umemfundisha kwa Kiswahili, kisha Januari moja masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Hata mtu mzima angeyumba.

Kuanzia hapo kila jioni alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani, ananieleza kwa Kiswahili somo moja la siku hiyo. Mimi kazi yangu kuuliza "kwa nini?" tu. Akikwama, kesho anamfuata mwalimu. Akishaelewa, anayaandika maneno mapya kwenye daftari dogo, Kiingereza upande huu, Kiswahili upande ule, halafu anajaribu kutunga jibu lake kwa Kiingereza. Nilinunua kamusi ya mtumba. Kusahihisha Kiingereza chake sikuweza, alinisaidia binti wa jirani aliyekuwa Kidato cha Nne, nikamlipa kwa kumshonea sare.

Shuleni nilikwenda pia, na si siku ya kikao cha wazazi, maana siku hiyo mnazungumzia michango na madawati mpaka jua linazama. Nilikwenda Jumatano mchana kumwona mwalimu wa somo. Akaniambia wazi kuwa nusu ya darasa wana tatizo hilo hilo, na binti yangu anasinzia vipindi vya mwanzo. Hilo lilikuwa kosa langu, alikuwa anachota maji saa kumi alfajiri. Tukahamishia maji jioni, na kaka yake akaingia zamu. Alinung'unika mwezi mzima.

Matokeo hayakuwa miujiza. Upimaji wa Kidato cha Pili 2020 alivuka, Baiolojia C, Hisabati F vile vile (Hisabati ilitushinda, tusidanganyane). Kidato cha Nne 2022 akapata divisheni ya tatu.

Wenye watoto wadogo nanyi angalieni. Kwa mtaala mpya, walioanza la tatu mwaka 2024 wanamalizia la sita 2027, pamoja na wale wa mwisho wa la saba. Sekondari bado ni Kiingereza. Mdogo wake yumo humo, na daftari la maneno tumeshamfungulia.

Kwa hiyo mkuu, kuhama shule subiri kwanza. Omba karatasi alizojibia, siyo ripoti, kaa naye umuulize maswali yale yale kwa Kiswahili. Akijibu, tatizo ni lugha. Asipojibu hata kwa Kiswahili, rudi hapa tuangalie mengine.