Maziwa ya mimea: kabla hujanunua, uliza nani kabangua na nani kakwea

Wadau, tangu niache maziwa ya ng'ombe swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja tu, sasa ninunue yapi? Soya, lozi, oti, korosho au nazi? Na wengi wanaouliza wako supamaketi muda huohuo wanaangalia bei, wanataka jina moja watie kwenye kapu waondoke. Jibu langu fupi kwa mtu wa Dar, au wa popote huku kwetu, ni hivi: soya iwe ya kila siku na ukiweza utengeneze mwenyewe, tui la nazi kwa mapishi kama tulivyolelewa, korosho pale unapojua zimebanguliwa wapi, na boksi la maziwa ya lozi kutoka nje liwe la mwisho kabisa. Jibu refu ndo hili, na naomba usome mpaka chini maana kuna mambo ya watoto ambayo mzazi asiyapite.

Mi niliacha kwa sababu mbili. Ya kwanza tumbo, nikinywa glasi moja tu linajaa gesi siku nzima, na hii siyo ajabu, kama theluthi mbili ya watu wazima duniani mwili wao haumeng'enyi vizuri laktosi, ile sukari ya kwenye maziwa. Ya pili ni dhamiri. Ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae, na kwenye ufugaji mkubwa wa kibiashara ndama anatenganishwa na mama yake mapema sana, akiwa dume ndo kabisa hana faida kwa mwenye mali. Hilo lilinisumbua nikashindwa kuendelea. Lakini niseme wazi, mama wa Kibaha mwenye ng'ombe wake wawili anaowaita kwa majina sina ugomvi naye hata kidogo, anasomesha watoto kwa maziwa yale, na mfugaji wa Kimasai simfundishi kuishi.

Sasa kuna watu wanadhani ukishamwacha ng'ombe basi mikono yako safi, umemaliza. Hapana jamani. Kila zao lina mtu aliyelilima, aliyelivuna, aliyelimenya, na lina maji liliyokunywa. Hapo ndo pa kuangalia.

Kwa upande wa mazingira kuna utafiti naurudia kila mara, wa Joseph Poore wa Oxford na Thomas Nemecek wa Uswisi, ulitoka kwenye jarida la Science mwaka 2018, walikusanya takwimu za mashamba karibu 38,700 katika nchi 119. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe kwa wastani wa dunia inabeba kama kilo 3 za gesi joto, wakati soya, oti na lozi zote ziko chini au karibu na kilo 1. Maji kwa kila lita moja ya maziwa: ng'ombe lita 628, lozi lita 371, mchele 270, oti 48, soya 28. Ni wastani wa dunia, siyo kipimo cha shamba la jirani yako, lakini tofauti ya 371 na 28 ni kubwa mno huwezi kuipuuza.

Na hayo maji ya lozi yanatoka wapi? Karibu asilimia 80 ya lozi za dunia zinalimwa jimbo moja tu, California kule Marekani, sehemu inayokumbwa na ukame mara kwa mara mpaka wanachimba visima virefu na ardhi inadidimia. Afu kuna nyuki. Kila Februari miti ikichanua mizinga zaidi ya milioni 2 inasombwa kwa malori kutoka pande zote za Marekani kwenda kuchavusha maua ya aina moja tu, na mizinga ikirundikana hivyo magonjwa na wadudu wanahama kirahisi kutoka mzinga hadi mzinga. Ukimaliza kuyafikiria hayo geuza boksi usome nyuma, maboksi mengi lozi yenyewe ni asilimia 2 au 3, kinachobaki ni maji na vya kugandishia. Yaani unalipia maji yaliyosafiri bahari mbili. Siwezi.

Soya inasingiziwa sana. Kila nikiitaja mtu ananiletea Amazon, kwamba misitu ya Brazili inakatwa kwa ajili ya soya. Ni kweli imekatwa, ila soya ile inakwenda wapi? Karibu robo tatu ya soya yote ya dunia inalisha mifugo, kuku, nguruwe na hao hao ng'ombe wa maziwa, inayoliwa moja kwa moja na binadamu kama maziwa ya soya au tofu ni sehemu ndogo tu. Na soya ya huku kwetu ni hadithi nyingine kabisa, inalimwa Ruvuma, Iringa, Njombe, Mbeya, na wakulima wadogo wanaozungusha na mahindi, na kwa kuwa ni jamii ya kunde inarudisha naitrojeni ardhini kwa hiyo mahindi ya msimu unaofuata yanafaidi. Unapata kitu kilicholimwa na mtu mnayeongea lugha moja. Sokoni muulize muuzaji imetoka mkoa gani, wengi wanajua na wanapenda kuulizwa.

Korosho sasa. Hapa naomba tukae kidogo.

Korosho ni yetu, Mtwara, Lindi, Tunduru, na maziwa yake ndo matamu kuliko yote, mazito, hayana harufu, kwenye chai yanatulia. Lakini sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania inatoka nchini ikiwa ghafi, inakwenda India na Vietnam kubanguliwa huko, na ndo maana bei ya mkulima inategemea wanunuzi wachache wa kwenye mnada. Mnakumbuka Novemba 2018, bei ya minada iliposhuka wakulima wakagoma kuuza, Rais Magufuli akaagiza serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaenda kusomba. Zao likifika mpaka jeshi linaitwa ujue mkulima yuko pabaya.

Na kuna mikono inayobangua. Ganda la korosho katikati lina mafuta makali yanayounguza ngozi, siyo kuwasha, kuunguza. Niliwahi kukaa na kikundi cha akina mama wanaobangua huko kusini, mashine zao ni zile za mkono na mguu, mmoja anaweka korosho kwenye kisu, anakanyaga, anashusha mkono, ganda linapasuka, anachokoa punje kwa ncha ya kisu bila kuivunja, maana ikivunjika bei inashuka. Hao walikuwa na glavu na walijipaka mafuta kwanza. Mama mmoja akanionyesha vidole vya mkono wa kushoto, vya enzi alipokuwa anafanyia kibarua kwa mtu binafsi bila glavu, ngozi imebabuka imekuwa nyeusi na ngumu, kucha moja haikurudi. "Mwanangu, wewe unaponunua uliza kama tunapewa glavu," aliniambia. Ndo naliuliza sasa kila ninaponunua, na ninawaomba na nyie muulize. Muuzaji akikosa jibu siku ya kwanza, wakiuliza watu kumi atalitafuta.

Afu kuna jambo zuri hapa ambalo wengi hawalijui. Kwa maziwa huhitaji korosho nzima! Korosho za vipande ni bei nafuu zaidi, na vikundi vinahangaika kuziuza kwa sababu wateja wa zawadi na mahoteli wanataka nzima zilizonyooka. Ukinunua vipande moja kwa moja kwa kikundi umewasaidia kumaliza mzigo na umeokoa hela. Loweka masaa manne, suuza, saga na maji safi, ukiwa na blenda nzuri hata kuchuja huhitaji.

Nazi tunaijua, sitawafundisha kukuna. Ila angalia lile kopo la tui la dukani limetoka wapi. Mwaka 2020 PETA, shirika la kutetea haki za wanyama, lilitoa uchunguzi kutoka Thailand ukionyesha nyani waliofungwa minyororo wakilazimishwa kuangua nazi, na maduka kadhaa ya Ulaya yakaacha kuuza baadhi ya bidhaa. Sisi tuna nazi za Mafia, Tanga, Bagamoyo, Unguja, na ndugu zetu wana za Kilifi na Kwale, kwa nini ununue kopo? Huku anayekwea ni binadamu, na naye anadai haki yake, kijana anapanda mnazi mrefu kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina na kamba miguuni, hana bima, akiteleza familia nzima imeanguka. Kwa hiyo ukimkuta muuzaji wa nazi usibishane naye bei kama vile zimejidondokea zenyewe. Na machicha usitupe, kaanga kidogo changanya na unga wa vitumbua.

Oti sina la kuisema vibaya, kwa maji na ardhi iko vizuri sana, kwa anayeishi Ujerumani au Uingereza ningemwambia anywe oti bila wasiwasi kwa sababu inalimwa huko huko. Kwa Dar ni boksi lililosafiri na bei yake unaijua. Mchele una methani, gesi joto inayotoka kwenye mashamba yenye maji, na kilishe ni mwepesi mno, mimi nauruka. Karanga ni rahisi na tamu ila tahadhari ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, hii siyo mchezo, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo na karanga nazo zinaipata. Kuchemsha hakuiondoi. Chambua punje kwa punje, yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi tupa, usimpe hata kuku.

Haya, watoto. Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, na chini ya mwaka mmoja usimpe maziwa yoyote ya mimea badala ya ya mama au ya kopo la watoto wachanga, hata kama umeyatengeneza kwa usafi gani. Akishavuka mwaka, jua kwamba protini ya soya inakaribia ya ng'ombe, kama gramu 3 kwa mililita 100, lakini lozi, nazi na mchele kwa kawaida hazifiki hata gramu 1. Kwa hiyo ukimwachisha mtoto maziwa ya ng'ombe ukampa ya lozi umempa maji meupe, lazima ale maharage, dagaa au mayai vya kutosha, na uongee na mtaalamu wa lishe kliniki kwanza. Ukinunua ya boksi tafuta yaliyoongezwa kalisi na vitamini B12, afu tikisa boksi kabla ya kumimina maana kalisi inatuama chini. Ya kutengeneza nyumbani hayana B12 kabisa, na asiyekula nyama wala mayai lazima aipate kwingine.

Ya nyumbani natengeneza hivi. Kikombe kimoja cha soya naloweka usiku kucha, asubuhi nafikicha maganda yaelee niyamwage, nachemsha kidogo kupunguza ile harufu ya maharage mabichi, nasaga na vikombe saba au nane vya maji, nachuja kwa kipande cha kanga safi, nakamua mpaka machicha yakauke. Afu lazima uchemshe tena dakika 20 hivi huku unakoroga, hii usiiruke, soya ambayo haijaiva ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini. Usiondoke jikoni, yanafurika haraka. Tia chumvi punje, iliki, tende moja ukipenda utamu. Friji yanakaa siku tatu, asiye na friji atengeneze nusu kikombe cha soya kila siku ni dakika chache tu akishazoea. Machicha yake yanaingia kwenye chapati na kababu.

Na kwa wanaolalamika kwamba soya inakatika kwenye chai ya tangawizi: chemsha tangawizi na majani kwanza yaive kabisa, pasha soya pembeni, afu mimina soya ya moto taratibu kwenye chai, usiitie ya baridi.